Kokteli ya nyanya au bia yenye ndimu: asiyependa sukari achague kipi?

Limau_Kavu

Wakuu, kwema? Naomba ushauri kabla sijaingia dukani nikatoka na chupa za sosi zitakazozeekea kabatini.

Mimi kinywaji chenye sukari hakinipandi. Nikipewa kokteli ya nanasi yenye krimu na kimwavuli juu, naishika kwa adabu mpaka barafu iyeyuke, halafu naanza kuangaza macho nitaimwaga wapi. Ninachopenda ni chumvi, uchachu na pilipili kidogo ya kuniamsha. Kwa hiyo uwanja wangu ni mdogo: vinywaji vya nyanya kama Bloody Mary, au bia iliyotiwa ndimu, chumvi na makorokoro yake, ile ya Kimexico wanayoiita michelada.

Bloody Mary ya kwanza niliinywa kwenye ndege. Jirani yangu wa kiti aliagiza, nikaiona rangi, nikasema na mimi niletewe hiyohiyo. Nikaimaliza kabla yake. Nilipokuja kuagiza tena nikiwa nchi kavu, kwenye baa ya maana yenye taa hafifu, nikaletewa kitu kizito chenye harufu ya kopo, fimbo ya seleri imesimama katikati. Mchuzi uliosahauliwa nyama.

Michelada nilionja kwa mfanyakazi mwenzangu. Nusu ya kwanza ya glasi nilikuwa tayari kumlipa ada anifundishe. Nusu ya pili gesi imekata, nyanya imetuama chini, chumvi ya ukingoni imeisha, nimebaki na bia vuguvugu yenye rangi ya kutu.

Sasa Jumapili ijayo naita watu kama kumi, chakula cha mchana ambacho najua kitaburuzwa mpaka jioni. Shemeji yangu hanywi kitu ambacho hakikufunguliwa kwa opena. Kuna wifi mjamzito, na kuna wawili watakaoendesha magari. Na mimi mwenyewe nataka kukaa mezani na wageni wangu, sitaki kushinda jikoni nakamua ndimu. Nataka kinywaji kimoja nikijue vizuri. Kipi?

Na mnimalizie ubishi wa nyumbani. Mume wangu anasema Bloody Mary ndiyo inayolewesha kwa sababu ina vodka. Shemeji anasema bia ndiyo inayoangusha watu kwa sababu hawaihesabu. Wamebishana hadi wakanuniana.

Nawasilisha.

Kizibo

Nyanya mahali pake ni kikaangoni. Bia mahali pake ni kwenye glasi. Uzi ufungwe.

Limau_Kavu

Asante kwa mchango, kaka. Sogea pembeni kidogo, wenye kazi yao wanakuja.

Nyuma_ya_Kaunta

Dada, nimefika. Kazi yangu ni hiyo ya kaunta, miaka mingi sasa, na wateja wengi huniuliza kipi kitamu, swali ambalo halina jibu. Wewe umetaja siku, watu na kiti chako mezani. Hapo tunaweza kuongea.

Ubishi wa nyumbani kwanza, maana huo ni hesabu tu. Kipimo cha Bloody Mary cha IBA, chama cha kimataifa cha wachanganyaji vinywaji, ni vodka mililita 45, juisi ya nyanya mililita 90 na maji ya limau mililita 15, ukiacha vikolezo. Vodka ya asilimia 40 ukiipima mililita 45, alkoholi halisi iliyomo ni mililita 18. Chukua bia ya mililita 355 yenye asilimia 5: mililita 17.75. Mume na shemeji wametoka sare, wapatanishe. Ila mume ana hoja moja asiyoijua. Chupa ya bia imeshapimwa kiwandani. Vodka inapimwa na mkono wa binadamu, na mkono ukishakunywa mbili, kipimo cha tatu huwa kimenona. Kikombe kidogo cha kupimia kitumike mpaka mgeni wa mwisho.

Sasa hilo la ndege. Usidhani wahudumu wa angani wanajua kuchanganya kuliko sisi! Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, kwa kazi waliyopewa na Lufthansa, iliwakalisha watu ndani ya bodi ya ndege iliyoko ardhini na kupunguza mgandamizo wa hewa uwe kama wa angani. Juisi ya nyanya ambayo kwenye hewa ya kawaida watu waliisema ina harufu ya uvundo, humo ndani wakaisifia kuwa ina harufu ya tunda na inaburudisha. Halafu mwaka 2015 Kimberly Yan na Robin Dando wa Chuo Kikuu cha Cornell wakaonyesha kwamba kelele kama za ndani ya ndege, desibeli 85 hivi, zinafifisha utamu wa sukari mdomoni na kuipandisha umami, ile ladha nzito unayoipata kwenye supu ya nyama, uyoga na nyanya iliyoiva sawasawa. Nyanya ina glutameti nyingi, na glutameti ndiyo inayoleta umami. Kwa hiyo ulichokunywa kule juu kilikuwa kizuri kweli, ila masikio yako yalichangia.

Ukishuka chini, anayechanganya inabidi afanye kazi ambayo injini ilikuwa inamfanyia. Aipandishe umami, aikate harufu ya kopo. Ndiyo maana kuna sosi ya Worcestershire humo, ndiyo maana kuna limau. Yule aliyekuletea mchuzi alikupa nyanya na vodka, akasimamisha seleri kama bendera, akaona amemaliza. Na hilo ni tatizo la zamani. Fernand Petiot, Mfaransa aliyeanzia Harry's New York Bar ya Paris kisha akahamia hoteli ya St. Regis ya New York mwaka 1934, alilieleza gazeti la The New Yorker mwaka 1964 kwamba kinywaji cha mchekeshaji George Jessel kilichomtangulia kilikuwa vodka na nyanya, basi, na yeye ndiye aliyetia chumvi, pilipili manga, pilipili kali, Worcestershire na limau. Nani hasa mwenye kokteli hiyo watu wanabishana hadi leo, na mimi sina hamu ya ubishi huo. Kwenye viungo niko na Petiot.

Nikija kwenye kuchagua, mimi huangalia saa. Nyanya inakaa tumboni kama chakula, mtu akimaliza glasi mbili ya tatu anaitazama tu. Inafaa watu wanapofika, wana njaa, sufuria bado iko motoni. Bia yenye ndimu na chumvi inafaa sahani zikishaondolewa, jua bado kali, maneno bado mengi. Ukizigeuza utaona mwenyewe: mpe mtu aliyeshiba Bloody Mary uone glasi itakavyohamahama mezani bila mwenyewe.

Lakini ukinilazimisha nikuchagulie moja, nakuchagulia Bloody Mary ya jagi, vodka ikae nje ya jagi. Sababu ni hicho kiti chako. Mchanganyiko wa nyanya ukiutengeneza Jumamosi usiku, Jumapili unakuwa umependeza zaidi, pilipili manga na hosiradishi (ule mzizi mweupe unaopanda puani) zimepata muda wa kuingia. Limau pekee ndilo likamuliwe siku hiyohiyo, likilala linachoka. Bia kwa upande wake haingoji mtu. Ukishaifungua umeanza kuipoteza, na kila glasi lazima ijengwe mbele ya mnywaji wake, maana yake ni wewe kusimama tena na tena.

Kisha usitikise. Nyanya ikitikiswa na barafu inatoa povu na kuwa maji maji. Mimina toka glasi moja kwenda nyingine na kurudi, taratibu, mpaka ipoe.

Kuhusu kuchanganya nyanya na bia, watu watanirukia, lakini msimamo wangu ndio huu: nyanya ikae na vodka, bia ikae na ndimu. Chembechembe za nyanya zinaitoa gesi kwenye bia haraka sana. Nusu ya pili ya glasi yako ilikufa kwa ajili hiyo.

Chela_Mbili

Nimekaa Mexico kikazi, na nakuja kumrukia mkuu kama alivyoomba mwenyewe.

Majina kwanza, dada, maana ukiagiza bila kujua utaletewa usichokitaka. Bia, ndimu na chumvi peke yake, sehemu nyingi ni chelada. Ukiongeza sosi, yaani ya pilipili, Worcestershire ambayo wao wanaiita salsa inglesa, na matone ya Maggi au soya, hapo ndipo inakuwa michelada. Ila ukiwa Mexico City ukisema michelada unaweza kuletewa ndimu na chumvi tu, na yenye sosi wanaiita cubana. Yenye nyanya ni habari nyingine kabisa, unasema unataka na Clamato, au unaagiza ojo rojo. Wengi ninaowasikia wakisema michelada hawaipendi, ukiwahoji, wameonja hiyo ya mwisho tu, tena imejengwa na mtu mwenye haraka.

Sasa mkuu wa kaunta anasema nyanya na bia zisikae pamoja. Clamato siyo nyanya ya kopo. Ni nyepesi, imechanganywa na supu ya kome wa baharini, na kwa wepesi huo inapatana na bia bila kuiua. Ugomvi wa bia uko kwenye ule uzito, nyanya yenyewe haina kosa. Tatizo lako wewe ni kwamba Clamato imetiwa sukari, geuza chupa usome. Kwa mtu kama wewe ningechukua juisi ya nyanya ya kawaida nikaichuja kwa kitambaa safi, bila kuikamua, iachwe idondoke yenyewe ndani ya friji. Kinachopatikana ni maji yenye rangi ya pinki hafifu, ladha yote ya nyanya ipo, uzito haupo. Hayo yatie kwenye bia uone.

Ujenzi wake: glasi ilale kwenye jokofu. Ukingo upake ndimu, lakini chumvi chovya nusu ya duara tu. Nusu ibaki wazi, kila mtu aamue anywee upande gani, maana kuna wanaoipenda chumvi mwanzoni na kuichukia baadaye. Chini weka maji ya ndimu moja, matone mawili matatu ya kila sosi, na nyanya iliyochujwa ya kimo cha kidole kilicholala au viwili. Halafu inamisha glasi, bia iteremkie ubavuni polepole. Chumvi ikidondokea ndani povu litafumuka, usitishike, ngoja litulie.

Na hapa ndipo penye jibu la glasi yako iliyokufia katikati: usimimine chupa nzima. Mimina nusu, chupa ibaki pembeni kwenye baridi, mnywaji ajiongezee mwenyewe. Kila akiongeza gesi inarudi. Shemeji yako atafurahi zaidi ya wote kwa sababu opena ataishika yeye.

Bia iwe laga nyepesi. Zile chungu zenye hops nyingi (maua yanayoipa bia uchungu), IPA na ndugu zake, ziache zilipo. Chumvi inapunguza uchungu kidogo, kweli, lakini uchungu wa namna ile ukikutana na ndimu na pilipili mdomo unakuwa uwanja wa vita.

Pilipili nayo ianze chini ya unavyodhani. Gesi ya bia yenyewe inachokoza mishipa ileile ya fahamu inayoitikia ukali, na kapsaisini ya pilipili haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo mtu akiwaka na kunywa zaidi hazimiki. Nimeona wanaume wazima wakitafuta maziwa.

Nyuma_ya_Kaunta

Kwenye kuchuja umenishinda, nakubali, na nitakuibia. Kwenye Maggi sikufuati. Tone moja likizidi, kila kilichomo kwenye glasi kinanuka Maggi mpaka kesho. Worcestershire ina uchachu na viungo vingi vidogo, ukiikosea kidogo bado inanyweka.

Chela_Mbili

Tone moja, mkuu. Nimesema matone, sijasema kijiko!

Muuguzi_wa_Zamu

Naomba nipite katikati yenu. Mimi siyo mtu wa baa, niko wodini. Mmeongea umami hadi nikasikia njaa, hakuna aliyetaja mzio.

Worcestershire ya kawaida ina samaki, anchovi waliotiwa chumvi. Mgeni asiyekula samaki aambiwe kabla hajanywa. Clamato ina kome, kwa hiyo mwenye mzio wa kome na jamii yake asiiguse, wala asiguse Caesar ya Wakanada, ile aliyoibuni Walter Chell kule Calgary mwaka 1969 akifuata ladha ya tambi za nyanya na kome. Kwa macho huwezi kuitofautisha na Bloody Mary, na mtu mwenye mzio hapewi kitu kwa kutazamia macho. Asiyetumia gluteni (protini ya ngano na shayiri) naye bia ya shayiri haimfai, na soya ya kawaida imetengenezwa kwa ngano. Bloody Mary inamfaa zaidi, mradi msome chupa ya Worcestershire, kwa sababu ile inayouzwa Uingereza ina siki ya shayiri.

Chumvi. Glasi ya mililita 240 ya juisi ya nyanya ya dukani iliyokwisha kutiwa chumvi ina sodiamu zaidi ya miligramu 600. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie miligramu 2,000 kwa siku nzima, chakula chote kikiwa humo. Kijiko kimoja cha chai cha soya kinaongeza karibu 300. Halafu mnapaka nyingine ukingoni! Kama kuna mwenye presha kwenye hao kumi, dada, nunua nyanya isiyotiwa chumvi, zipo, na chumvi ya ukingoni iwe ya anayeitaka. Wenye kiungulia nao nyanya na limau vinawachokoza, wasisukumwe.

Wifi mjamzito: hakuna kiasi cha pombe kilichothibitishwa kuwa salama kwake. Na bia zinazoitwa hazina kilevi msiziamini kwa jina, baadhi zinafika asilimia 0.5. Tafuteni iliyoandikwa 0.0, au mpeni nyanya ya jagi, ndiyo maana nimependa wazo la vodka kukaa nje.

Waendeshaji magari wasidanganywe kwamba nyanya inakata pombe. Haikati. Ini lina mwendo wake, na chumvi, kahawa, pilipili na maji ya baridi havilisukumi. Ile Bloody Mary ya asubuhi inayosemwa inatibu hangova inafanya kazi moja tu, kuiahirisha hangova mpaka mchana.

Limau_Kavu

Dada muuguzi, Mungu akubariki, kweli kuna mama mkwe mwenye presha na nilikuwa sijamfikiria kabisa kwenye hili.

Nimesoma yote. Naelekea kwenye jagi. Lakini mkuu wa kaunta naomba vipimo vya watu kumi, maana huo mchanganyiko wa Jumamosi usiku umeutaja tu ukapita. Na shemeji nimfanye nini? Kumwambia anywe nyanya ni kumtukana.

Nyuma_ya_Kaunta

Kumi wote watakunywa toka kwenye jagi, wenye kilevi na wasio nacho. Piga glasi mbili kila mtu, mililita 90 kila glasi, inakuja lita 1.8. Chukua lita mbili, isiyotiwa chumvi kwa ajili ya mama mkwe. Ionje kabla ya yote. Kama nyanya yenyewe ni mbaya hakuna sosi itakayoiokoa, irudishe.

Kwa lita hizo mbili tia vijiko vinane vya chai vya Worcestershire, kijiko kimoja cha chai cha pilipili manga iliyosagwa muda huohuo, na vijiko viwili vya chakula vya hosiradishi ya chupa. Ukiikosa usihangaike, ongeza pilipili manga kidogo. Funika, weka kwenye friji. Jumapili kamua limau mililita 300, malimau kumi yanatosha, tia, koroga, onja. Sosi ya pilipili isiingie kwenye jagi. Iwekwe mezani kila mtu adondoshe zake, na chumvi vilevile.

Vodka: ukitoa mjamzito na madereva wawili wamebaki saba. Mara glasi mbili ni kumi na nne, mara mililita 45 ni 630. Chupa ya mililita 750 inatosha hata shemeji akihama chama, na ikibaki ibaki, siyo lazima iishe. Usinunue ya gharama, humo ndani haitajulikana. Pesa yako iweke kwenye nyanya.

Shemeji mjengee chelada. Ndimu, chumvi nusu ukingo, laga yake aifungue mwenyewe. Hiyo haihitaji maandalizi, na anayeitengeneza ni yeye. Akishazoea, mchujie nyanya ya jagi kidogo kama alivyoeleza Chela_Mbili, mwachie karibu na glasi na usiseme kitu. Mtu wa bia ukimshawishi anakataa, ukimwachia anaonja.

Kwa hiyo unaona, jagi ni moja na wote wamenywa. Wifi kapata nyanya yenye limau na viungo, madereva vilevile, wewe umekaa.

Kizibo

Swali zito. Hiyo ya kutia nyanya ya jagi kwenye laga bila sosi za Kimexico, ina jina au ni uhuni tu?

Chela_Mbili

Ina jina. Wamarekani wa majimbo ya kati, Nebraska na jirani zake, wanaiita red beer, na wanainywa kawaida tu bila mbwembwe. Kanada wana red eye. Hakuna ukingo wa chumvi wala nini, ni bia na nyanya kwenye glasi. Tena wale hawachuji, na hawalalamiki gesi.

Nyuma_ya_Kaunta

Hawalalamiki kwa sababu wanakunywa haraka.

Kizibo

Basi mimi nimeelewa. Jumapili saa ngapi?

Limau_Kavu

Hujaalikwa, kaka.

Wakuu, nimeamua: jagi Jumamosi usiku, chelada ya shemeji, chupa ya 0.0 ya akiba kwa wifi asije akajiona ametengwa na wenye bia. Mume wangu nimemsomea hesabu ya mililita 18 na 17.75, anasema hiyo 0.25 ndiyo aliyokuwa anaizungumzia tangu mwanzo.

Moja la mwisho: seleri niweke?

Nyuma_ya_Kaunta

Weka kama utaila. Iwe changa, ya ndani, yenye majani yake, ikae kwenye maji ya barafu mpaka dakika ya mwisho ili ivunjike kwa sauti. Kama ni ya kusimama tu kwenye glasi na kumchoma mtu puani, kata kipande cha tango. Na barafu iwe ya vipande vikubwa, vidogo vinayeyuka na kukurudishia ule mchuzi wako.